Masikio ya Chiriku

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekuwa mbele yako ningeitamka taratibu, nimegeukia mwanga kama ulivyonifundisha, uisome midomoni. Kwa kuwa niko mbali, isome hapa na uniitikie huko huko uliko. Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho uliniambia ukikaa kwenye cherehani tangu asubuhi, jioni huwezi kuinuka mpaka ushike meza kama bibi kizee, na shemeji anakucheka. Mwambie nimesema aache kucheka, akutafutie kiti chenye egemeo. Na kazi je? Sare za wanafunzi umezimaliza, au wazazi bado wanakujia shule zikishafunguliwa, wakikuapia kwamba mtoto karefuka jana tu?

Sisi huku hatujambo, au niseme tunaitikia hatujambo. Mama anakula, anatembea, anagombana na jiko. Wifi yako bado yuko mapokezi kwenye ile ofisi ya mawakili, na mimi bado ni dobi, mikono yangu inanuka sabuni hata nikiwa naomba dua. Hakuna aliyelala kitandani. Lakini hilo neno hatujambo siku hizi limekuwa kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wa simu ni wa kuambiana nimefika, au nimepata mzigo. Haya ninayokuandikia hayaenei kwenye kioo cha simu, na sikutaka uyasome umesimama, mteja anakuvuta mkono. Tafadhali rudisha mlango wa chumba cha kushonea, ukae.

Habari zenyewe zinaanza na mtoto wangu, mwanao Chiriku. Jina hilo, unajua, alipewa na bibi yake, kwa sababu kabla hajaota hata jino alikuwa akiamka anabwabwaja, akila anabwabwaja, akiogeshwa ndiyo kabisa. Ulipokuja kumtazama ulimwekea kiganja kifuani ukasema, huyu namsikia kwa mkono. Tulicheka wote.

Ugonjwa ulianza kabla hajatimiza mwaka. Siku hiyo alikataa kunyonya, mwili ukawa wa moto, akawa analivuta sikio la kulia kama anayetaka kuling'oa. Mama akasema ni meno. Wifi yako akasema meno hayaoti sikioni. Tukampeleka zahanati, tabibu akachungulia kwa kile kitochi chake, akasema sikio limeiva kwa ndani, akatupa dawa ya maji ya rangi ya waridi. Akapona. Tukashukuru Mungu, tukasahau. Kumbe ile ilikuwa hodi tu.

Baada ya hapo, dada, maradhi yale yakawa mgeni asiyejua kuaga. Anaondoka leo, hujamaliza kufagia chumba, yuko mlangoni na begi lake. Mafua kidogo, sikio. Mabadiliko ya hali ya hewa, sikio. La kulia likipoa, la kushoto linashika zamu. Ile dawa ya waridi tuliizoea hata Chiriku mwenyewe akiiona chupa anapanua mdomo kama kinda. Safari nyingine usaha ulitoka wenyewe, tukauona asubuhi kwenye mto, na ajabu ni kwamba siku kama hizo ndizo alizokuwa ametulia. Maumivu yalikuwa yametoka pamoja nao. Tukawa tunafurahia usaha, dada. Fikiria umefika mahali unaona usaha wa mtoto wako unasema afadhali.

Kazini nikawa nusu mtu. Kuna siku nilikuwa nanyoosha suti ya bwana harusi, wifi yako akapiga simu kwamba mtoto kachemka tena na yeye hawezi kutoka. Nikaongea naye huku pasi nimeisahau juu ya mkono wa koti. Harufu ndiyo iliyonizindua. Mwenye duka, yule tunayemwita Bwana Wanga (si kwa uchawi, ni kwa wanga wa kukazia kola, anaoupenda kuliko chakula), alilitazama koti, akanitazama mimi, akasema, "Haya, bwana harusi ataoa kwa mkono mmoja." Halafu akavaa viatu, akaenda mwenyewe kwa mwenye suti kuomba radhi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wifi yako naye hakuwa na nafuu. Wakili mkubwa alimwambia ofisi yake si zahanati na simu ya mapokezi haiwezi kujipokea yenyewe. Tukawa tunarushiana mtoto kama watu wanaorushiana kaa la moto: leo omba ruhusa wewe, jana niliomba mimi. Nyumba ikawa na kelele za chini chini, zile za kuweka sufuria kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Na katikati yetu yuko mama, na kijiko chake cha mafuta. Unajua mama. Mtoto akishika sikio, yeye anashika kijiko, anapasha mafuta juu ya moto, anajaribu kwanza kwenye mkono wake, kisha anataka kudondosha. Tabibu alikuwa ametukataza kutia kitu chochote humo. Wifi yako akamwambia kwa heshima mara ya kwanza, na mara ya pili. Ya tatu ilimkuta ametoka kazini na maneno ya wakili yakiwa bado kooni. Mama akasema, "Mimi nimelea." Na wifi yako akajibu, "Najua mama, lakini sitaki mwanangu awe kama wifi yangu."

Dada, nimefikiria kama nikuandikie hili au nilimeze. Nimeliandika kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Usimkasirikie. Anakupenda, na hofu haina adabu. Mimi nilimkemea pale pale, nikamwambia habari ya dada ni tofauti kabisa, dada alijitia punje ya hindi sikioni akicheza, hayo mambo hayahusiani.  Mama alimwaga yale mafuta, akaosha kijiko, akakikausha, akakirudisha mahali pake, akaingia chumbani kwake. Mimi nikadhani ameudhika na mkwewe.

Sasa kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likija polepole, hata hatukuliona likiingia. Chiriku alikuwa anakuwa kimya. Maneno aliyokuwa ameanza kuyasema, maji, baba, toka, yalipukutika moja moja. Alianza kutuvuta nguo badala ya kutuita. Ukimwita hageuki. Mama akasema mtoto ana kiburi cha upande wa ukoo wa mama yake, wifi yako akasema kiburi hicho analijua chimbuko lake, na mimi nikaona ni utundu wa umri. Mara moja nilimpiga kibao cha mkono kwa sababu nilimwita nikamwita, akaendelea kupanga vibanio vya nguo sakafuni kana kwamba mimi ni ukuta. Alinitazama kwa mshangao. Hata hakulia. Alikuwa anashangaa nimetokea wapi.

Siku iliyotufungua macho nilikuwa nimekwenda naye dukani, maana nyumbani mama alikuwa na mafua na tuliogopa asimwambukize. Nilikuwa natundika mashati, mlango uko wazi, Chiriku akatoka taratibu akashuka barabarani akifuata mfuko wa nailoni unaopeperushwa na upepo. Pikipiki ikatokea nyuma yake. Mwendeshaji akapiga honi, akapiga tena, akaiachia kabisa honi ilie. Mtaa mzima uligeuka. Hata yule fundi saa wa jirani, ambaye hainui kichwa hata kukiwa na ugomvi, aliinua. Chiriku hakugeuka. Alikuwa ameinama anauokota mfuko wake. Yule mtu alikanyaga breki mpaka pikipiki ikalala upande, tairi likasimama karibu na kisigino cha mtoto. Nikafika, nikamnyakua. Yule kijana, kwa hofu, akanifokea, "Huyu mtoto wako ni kiziwi?"

Ni tusi la kila siku, dada. Umeniambia mara nyingi jinsi watu wanavyolitupa bila kufikiri. Yeye alilitupa, na likakuta mahali pake. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa ananionyesha mfuko, anatabasamu.

Nilimrudisha ndani nikamkalisha juu ya kaunta, mgongo kwangu. Nikachukua beseni la bati nikaliangusha sakafuni. Bwana Wanga aliruka kule alikokuwa. Chiriku akaendelea kuchezea mfuko. Nikaangusha tena. Nilikuwa naliokota niliangushe mara nyingine, mzee akaja akanishika mkono, akaliondoa beseni taratibu kama anayemnyang'anya mtu kisu, akasema, "Basi. Mpeleke. Nguo hazifi."

Daktari wa masikio ni mwanamke wa makamo, mcheshi kidogo kwa watoto na mkavu kwa wakubwa. Alimpulizia hewa sikioni kwa kifaa chake, halafu tukaingizwa kwenye chumba kidogo chenye kuta laini kama godoro. Nilimpakata Chiriku, sauti zikawa zinatoka mara kulia, mara kushoto, na mtoto akigeukia sauti, kijibwa cha plastiki kinawaka taa ili afurahi. Mimi nilisikia kila mlio. Yeye kijibwa hakukiona mpaka milio ilipokuwa ya kuniumiza mimi. Dada, nilitamani kumgeuza shingo kwa mikono yangu. Nilitamani kudanganya mtihani wa mtoto wa miaka miwili.

Daktari alitueleza kwamba nyuma ya ile ngozi ya ndani, wanayoiita ngoma ya sikio, kumejaa majimaji mazito kama gundi, mabaki ya maradhi yale ya kwenda na kurudi. Alisema sauti zetu zinamfikia kama za watu wanaoongea yeye akiwa chini ya maji. Dawa peke yake haitatosha tena. Inabidi wamlaze kwa dawa ya usingizi, wayatoe, na wamwekee kijibomba kidogo sana cha kupitisha hewa, kitakachokuja kutoka chenyewe. Wifi yako akauliza kama kuna hatari. Mimi nikauliza kama tunaweza kungoja kwanza tuone. Na mama aliyekuwa ametusindikiza, dada, mama niliyedhani atapinga kisu kumgusa mjukuu wake, akasimama akasema, "Mpelekeni. Msingoje." Alilisema kwa ukali hata daktari akamtazama.

Tulimpeleka. Muuguzi alimbeba kwenda ndani, Chiriku akatuaga kwa mkono, anadhani anapelekwa matembezi. Wifi yako alikwenda kusimama dirishani, akanipa kisogo. Mama alishika kiatu kimoja cha mtoto muda wote, akikifunga na kukifungua gidamu. Halikuwa jambo la muda mrefu, waliturudishia mtoto amelegea, ana hasira, anataka maziwa. Lakini mimi nilitoka pale nimezeeka.

Tulidhani akirudi nyumbani itakuwa furaha. Haikuanza hivyo. Maji ya bomba yalipofunguliwa alipiga ukelele akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Alilia mlango ulipofungwa. Kifuniko cha sufuria kilipoanguka alijiziba masikio, akatutazama kwa lawama kana kwamba sisi ndio tuliojaza dunia makelele. Mama yake akawa anatembea kwa ncha za vidole. Baadaye akazoea, na maneno yakaanza kurudi kwa kuchechemea. Sasa anasema maji. Anasema baba. Anasema "acha!", na hilo analisema vizuri kuliko yote. Tunamwogesha kwa uangalifu maji yasiingie, na homa haijarudi tangu wakati ule.

Lakini sikukuandikia ili nikwambie mambo yamekwisha vizuri, maana hayajaisha. Tuliporudi kupimwa, mimi na mama, sikio la kulia lilikuwa limefunguka vyema. La kushoto limebaki nyuma. Daktari hakutufariji kwa maneno matamu. Alisema huenda likapanda, huenda lisipande, na kama halikupanda atavaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Kisha akauliza, akijaza maelezo yake, kama katika ukoo kuna mtu aliyepoteza kusikia akiwa mdogo.

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe. "Yuko dada yangu, lakini yeye alijitia punje ya hindi sikioni."

"Sikio lipi?"

 Miaka yote hii sijawahi kujiuliza. Nikasema, "Hasikii yote mawili."

"Punje moja ikaharibu masikio mawili?" Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja jibu.

Mama alikuwa amempakata Chiriku. Akasema kwa sauti ndogo, akiitazama sakafu, "Hakukuwa na punje."

Dada, soma polepole kuanzia hapa. Nakuandikia kama alivyonisimulia kwenye benchi la nje, na sijapunguza.

Masikio yako yalianza kutoa usaha ukiwa mdogo kuliko Chiriku. Yakitoa, yakikauka, yakirudi. Mama aliamini, kama wengi walivyoamini, kwamba usaha ukitoka ni uchafu unatoka na mtoto anapona. Akawa anatia mafuta ya uvuguvugu na kuziba kwa pamba. Ulipokaribia umri wa kuanza shule, pakavimba nyuma ya sikio, homa ikapanda ukawa unaweweseka. Tabibu wa zahanati alimwambia waziwazi, mtoto huyu apelekwe hospitali kubwa leo, asingoje kesho. Baba alikuwa safarini na lori, haijulikani atarudi lini. Na ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto mchanga mwenye kifua kinachobana, akinyonya anabadilika rangi, na mama alikuwa ameambiwa akimtoa kwenye baridi atampoteza. Hakuwa na wa kumwachia. Akamtazama yule mchanga, akakutazama wewe. Akajiambia, huyu mkubwa ana nguvu, atangoja.

Ukangoja. Baba aliporudi ndipo ulipokimbizwa. Wakakupasua nyuma ya sikio. Lile kovu, dada, uliloambiwa ni la kutolea punje, walikuwa wanatoa usaha. Homa ikashuka. Ukafungua macho, ukaona midomo inacheza bila sauti.

Mtoto mchanga yule nilikuwa mimi.

Na punje ilitoka wapi? Mtoto wa jirani aliwahi kujitia harage sikioni, likatolewa, watu wakacheka. Baba alipouliza imekuwaje, mbele ya dada zake waliokuja kuwajulia hali, wote wakimtazama mama kama watu wanaosubiri hukumu, mama akasema, alijitia punje ya hindi. Alifikiri uongo ule utamvusha siku ile tu. Ukaota mizizi. Wewe ndiye pekee nyumbani uliyeweza kusema si kweli, na ndiye pekee ambaye hukuusikia ukisemwa. Ulipokuja kuelezwa, kwa ishara na kwa kuonyeshwa punje yenyewe kwenye kiganja, ulikuwa mtoto, ukaamini. Umewahi kuniambia unaikumbuka. Ulisema ilikuwa ya njano, imechongoka upande mmoja. 

Nakumbuka shule waliyokukatalia. Nakumbuka yule mchumba wa kwanza aliyetuma watu na baadaye akatuma wengine kusema basi. Kila mara ulikuwa unainua mabega unasema, msiba wa kujitakia hauna kilio. Dada, haukuwa wa kujitakia. Ulikuwa na haki ya kilio chako tangu mwanzo, na tulikunyima, na mimi nilisaidia, maana hadithi ile ya punje nimeisimulia kwa watu, nimeisimulia hata kwa kuchekesha.

Ulikuwa ukilalamika kwamba katika dunia nzima mtu usiyeweza kumsoma midomo ni mama, kwa sababu akiongea nawe anainamisha uso. Ukadhani ni haya ya watu wa zamani. Sasa unajua.

Nilimkasirikia. Tulirudi nyumbani sikumsemesha, na nikaendelea hivyo siku kadhaa, nikawa nawahi kazini na kuchelewa kurudi, nanyoosha hata nguo zilizokwisha kunyooshwa. Aliyekaa naye ni wifi yako, yule yule waliyekuwa wakigombania naye kijiko. Alimpikia, akamkalisha, akamsikiliza yote tena kutoka mwanzo. Nilipomuuliza anawezaje, akaniambia, "Mimi mtoto ninaye mmoja, na bado nilikuwa sijui nishike lipi niache lipi."  Sikuambii hili ili usamehe. Nakuambia lilivyokuwa.

Kuhusu mimi na kile kifua changu, sijui nikwambie nini. Nikiomba radhi kwa kuzaliwa utanicheka. Ila tangu siku ile, nikisikia kitu kizuri, mvua kwenye bati au huyu mtoto akiniita, nakatika katikati ya furaha. Najua nilichokisikia kililipiwa na nani.

Mama anataka kuja kwako. Anataka aseme mwenyewe, uso juu, kwenye mwanga, neno kwa neno mpaka umwelewe. Alitaka aje kimya kimya na nisikwambie lolote kabla. Nilimkatalia. Nilimwambia dada hatashtukizwa mara ya pili kwa habari zake mwenyewe. Atajua kwanza, atakaa nazo, ataamua. Alilia, lakini alikubali. Mkoba wake ameshaupanga, uko nyuma ya mlango, na kila siku anaufungua anaupanga upya. Ameniuliza nadhani utasema nini. Sikumjibu kwa niaba yako.

Kwa hiyo niandikie. Ukisema aje, nitamsindikiza mpaka kituoni. Ukisema asije, nitamwambia mimi, na sitakulaumu leo wala kesho. Ukitaka muda, chukua muda, hata ukiwa mrefu. Na ukiwa na maneno makali, yaandike yalivyo. Macho ya mama hayaoni tena maandishi, mimi ndiye nitakayemsomea, na nakuahidi sitayafua wala sitayapiga pasi.

Nisalimie sana shemeji, na wasichana wako wa kazini. Wifi yako anakupa shikamoo nyingi, amesema ile kauli yake atakuja kuiombea radhi mwenyewe, hataki niiombe mimi. Chiriku yuko hapa mezani anavuta karatasi, ndiyo maana mstari huu umepinda. Mama hajui nimeanza kukuandikia leo. Amelala mchana na mlango wazi, na mkono ameuweka juu ya sikio.

Ni mimi mdogo wako, uliyenisubiria,

Baba Chiriku